Mkukusu wa Mrusungu: siku tatu na baba mdogo

Ijumaa, 27 Desemba

Wachaga wenzangu walishapanda nyumbani Kilimanjaro tangu tarehe 22. Mimi nauza vitambaa Arusha, na muuza vitambaa hafungi duka wiki ya Krismasi, kwa hiyo nimeingia stendi leo saa moja asubuhi, nyama ya sikukuu ikiwa imeshaliwa na wenye bahati zao. Kosta ilijaa kabla sijakaa sawasawa. Nauli ilikuwa ya msimu. Konda alipoulizwa kulikoni, akajibu, "Dada, hata mbuzi amepanda bei." Nikalipa.

Tengeru, Usa River, Kikatiti, njia panda ya KIA, Boma Ng'ombe. Ni kilomita 80 hivi, nazijua kwa matuta yake. Kufika Weruweru mlima ulikuwa umejifunika mpaka kiunoni, na bibi mmoja kiti cha nyuma akasema, kwa sauti ya mwenye nyumba anayeeleza wageni, "Utajifunua kesho." Hakuna aliyembishia.

Safari hii nina shughuli yangu. Tangu 2016 tunasikia kwamba mti mrefu kuliko miti yote ya asili iliyopimwa Afrika uko Kilimanjaro, na si Kilimanjaro ya mbali, ni huku kwetu: bonde la Mrusungu, juu ya kijiji cha Tema, kata ya Mbokomu. Wageni wanapanda ndege kuja kuutazama. Mimi niliyezaliwa kilima cha jirani sijawahi kuukanyaga hata mzizi. Tena aina hiyo ya mti naijua vizuri, ila naijua kwa mgongo: kitanda cha bibi ni cha mkukusu. Nimekilalia tangu nikiwa wa kubebwa mpaka nilipokwenda sekondari, mimi na binamu zangu wawili, kichwa kwa miguu kama samaki sokoni. Bibi alipofariki wanaume waligawana kihamba, shamba la ukoo, kama ilivyo desturi. Mimi binti nikaambiwa, "Wewe kitanda ni chako." Kipo bado pale pale, chumba cha nyuma, kinanisubiri.

Moshi mjini nikabadilisha gari, noah ya kupanda juu, watu kumi na mmoja na jogoo. Migomba ilipoanza kusogea dirishani na hewa ikabadilika, nikajua nimefika kwetu hata kabla ya kuona paa.

Baba mdogo alikuwa nje, anachonga mpini wa jembe.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama. Umechelewa. Mbuzi amebaki kwato."

Alikuwa anatania, mama mdogo alikuwa ameniwekea mtori na bakuli la nyama, na kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi, ambayo ilikuwa imekaa siku tatu na imeanza kuwa na maoni yake. Baada ya kula ndipo nikamweleza mpango wangu. Mti uko ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, huendi tu kama unavyokwenda kwa Mangi kununua chumvi: kuna kiingilio, kibali, na mwongozaji. Yote nimeshayashughulikia, ya watu wawili. Nikamwomba anisindikize.

Akaendelea kuchonga.

"Niende kulipia kuuona mti?"

"Nimeshalipa mimi, baba."

"Umelipia mti." Akautazama ule mpini kana kwamba umemtukana. "Haya."

Inabidi nieleze kwa nini nilimtaka yeye. Baba mdogo, kwa zaidi ya miaka ishirini, alikuwa mpasua mbao. Hakuwa na chenisoo. Alipasua kwa msumeno wa watu wawili, mmoja juu ya gogo, mwingine chini. Kitanda cha bibi ni kazi ya mikono yake. Wasomi wote walioandika juu ya mti ule wameupima. Nilitaka kumsikia mtu ambaye amewahi kuulaza mwenzake chini.

Usiku nilipokwenda chooni nikakuta gambuti zake zimeoshwa, zimesimamishwa mlangoni.

Jumamosi, 28 Desemba

Bibi wa kwenye kosta alisema kweli. Saa kumi na mbili na nusu Kibo, kilele cha mlima, ilikuwa wazi, nyeupe juu, kama mtu aliyetoka kunyoa ndevu. Saa mbili ilikuwa imeshafunga tena.

Mwongozaji tulimkuta mahali tulipopatana, kijana wa huko huko, mpole, mwenye mwendo wa mbuzi. Alimsalimia baba mdogo kwa Kichaga, wakaulizana ukoo, na kama kawaida wakagundua kwamba ni ndugu kwa upande wa shangazi fulani. Kuanzia hapo mimi mlipaji nikawa abiria.

Mwanzo wa njia ni vihamba vya watu. Kahawa chini, migomba juu yake, na juu zaidi miti ya mruka imetandaza kivuli chake bapa kama ungo. Mfongo, mfereji wetu wa maji, unapita pembeni ya njia, maji yake yanakimbia kwa adabu, kila mahali yameelekezwa. Masale, mmea wetu wa kuweka alama, kwenye mipaka. Mtu asiyejua anaweza kudhani yuko msituni tayari, kumbe yuko shambani kwa mtu na ng'ombe yuko hatua kumi, nyuma ya ukuta wa mbao, anasikiliza.

Shamba la mwisho lilipoisha baba mdogo akasimama, akapiga ardhi kwa fimbo. "Hapa ndipo ilianzia nusu maili."

Ukanda huo ulitengwa 1941, upande wa chini wa msitu, ili wananchi wapate kuni, majani na mbao bila kuugusa msitu wenyewe. Kizazi cha bibi kiliuhesabu kama ghala la nyuma ya nyumba. Mwaka 2005 msitu pamoja na nusu maili ukaingizwa ndani ya hifadhi ya taifa, na tangu hapo habari ya kuni na majani ya ng'ombe ni hadithi ambayo mama mdogo akiianza chai inapoa. Mwongozaji hakusema kitu. Baba mdogo naye aliinua tu fimbo akaendelea. Nilimwona anavuka mstari usioonekana akiwa na karatasi ya kibali mfukoni, mahali ambapo zamani alipita na msumeno begani, na kusema kweli sikujua nimwonee huruma au nicheke.

Msitu ulitufunika ghafla. Mwanga ukawa wa kijani, matone yakawa yanadondoka hata kama mvua haikunyesha. Hondohondo walipita juu, mabawa yanavuma kama mtu anayekung'uta mkeka, na mbali kidogo mbega wakatazama chini na mikia yao mirefu myeupe, wakatupuuza. Tope lilikuwa tope la Desemba. Mwendo wa dakika arobaini, soli ya raba yangu ya kushoto, ya mtumba, ambayo muuzaji aliniapia kwamba mwenyewe huko Ulaya hakuwahi kuivaa, ikafungua mdomo.

Baba mdogo hakushangaa hata kidogo. Akatoa kwenye koti kipande cha gamba kavu la mgomba, akakichana nyuzi nne kwa ukucha, akazilowesha kwenye maji ya njiani, akazisokota mbili mbili kwenye paja lake, akaifunga ile raba mara tatu, fundo moja juu na jingine kisiginoni. "Atakaa mpaka jioni," akasema, kana kwamba kiatu ni mgonjwa. Na kweli kilikaa mpaka jioni.

Njiani nilimuuliza juu ya mkulo, kwa kuwa nilisoma kwamba ndio uliokatwa zaidi. Akasema ndiyo, mkulo ulikuwa pesa: mbao yake ina harufu ya kafuri, mdudu haigusi. Watu walioruka juu ya mlima kwa ndege mwaka 2001 kuhesabu uharibifu waliona visiki kwa maelfu. "Sisi wa msumeno wa mkono," akasema, "mti mmoja ulituchukua wiki nzima. Unauchoka kabla hujautamani mwingine. Chenisoo haichoki." Halafu akanyamaza muda mrefu, na mimi sikuchokonoa.

Bonde la Mrusungu halina huruma. Njia inashuka kwenye mizizi kama ngazi iliyojengwa na mlevi. Nilishuka sehemu nyingine kwa makalio, bila aibu. Kwa mwendo wetu yalikuwa yamepita masaa matatu na ushee tulipoanza kuona mikukusu, si mmoja, kadhaa, imesimama mbalimbali kwenye miteremko, na kila mmoja nilidhani ndio wenyewe. Mwongozaji akawa anasema tu, "Bado." Tulipofika akasimama, akaondoka mbele yetu, hakusema neno.

Nitasema ukweli: kitu cha kwanza nilichohisi ni kutoelewa. Ukiwa chini yake huoni mti, unaona ukuta. Mizizi imesimama kama mbao zilizoegemezwa, mingine inanizidi urefu, na katikati yake kuna vijumba ambamo mtoto angeweza kujificha. Shina lina kipenyo cha mita 2.55. Sisi watatu tulishikana mikono kulizunguka, hatukufika hata theluthi mbili. Gome ni la kijivu, linabanduka magamba ya duara, na pale gamba lilipodondoka pamebaki alama kama ya sarafu iliyobonyezwa kwenye udongo. Niliweka kidole gumba kwenye moja. Ilikuwa na ubaridi, na ndani yake sisimizi mmoja alikuwa na safari zake.

Halafu unainua kichwa. Shina linapanda, linapanda, halina tawi, linapita miti mingine ambayo kwa haki yake ni mirefu, linapita ndevu za ukungu, na mahali fulani huko ambako macho yanakataa ndipo matawi yanaanza. Baba mdogo alirudisha shingo nyuma mpaka kofia ikamdondoka kwenye tope. Hakuiokota mara moja.

Mita 81.5. Ukiulaza kwenye uwanja wa mpira kwa upana, kilele kinaingia kwa mashabiki. Aliyeupima ni Andreas Hemp wa Chuo Kikuu cha Bayreuth, Ujerumani, mtafiti wa mimea aliyezunguka mlima huu miaka na miaka. Miti hii aliiona miaka ishirini hivi kabla ya habari zile za 2016, lakini kifaa cha leza cha kuipima kwa uhakika alikipata baadaye. Yeye na wenzake walipima kati ya 2012 na 2016. Miti kumi mirefu zaidi waliyoipata hapa ilianzia mita 59.2. Kabla ya hapo sifa ya bara zima ilishikwa na mkaratusi mmoja wa Limpopo, Afrika Kusini, urefu uleule wa 81.5, uliokufa 2006. Mkaratusi! Mti wa kuja, kutoka Australia, ambao sisi tunaupanda mpakani ili tupate nguzo. Nilifurahi isivyo kawaida kwamba sifa imerudi kwa mwenyeji.

Umri wake unakadiriwa miaka 500 hadi 600. Vasco da Gama alitia nanga Malindi mwaka 1498, na huu ama ulikuwa mti mchanga, ama ulikuwa bado haujachipuka. Mmisionari Rebmann alipoiona theluji ya Kibo mwaka 1848, akaandika, na wenye elimu zao London wakamcheka, mti huu ulikuwa na zaidi ya miaka 300 na ulikuwa umeitazama theluji hiyohiyo kwa muda wote huo. Udongo wa volkeno, mvua nyingi, joto la kutosha: mwongozaji alieleza kwamba ndivyo vilivyoulea. Baba mdogo alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema hapana.

"Hivyo vimeukuza. Vilivyouponya ni vingine."

Akatuonyesha kwa fimbo. Mteremko huu. Mti ukikatwa hapa, hauna pa kulala. Utaangukia korongoni, na mkukusu ukianguka juu ya mawe unapasuka kwa urefu, unabaki kuni. Hata ukilala salama, utachimbia wapi shimo la kupasulia? Ubao utapandishwaje ile njia tuliyoishuka kwa makalio? "Nimeishuka hivyo mimi," nikamwambia. Akacheka. "Huu tuliujua," akasema. "Si huu peke yake. Wazee walikuja, wakazunguka, wakahesabu gharama, wakaondoka. Hakuna anayekata hasara."

Mwongozaji akasema, kwa heshima, kwamba leo kuna sheria na askari pia.

"Vizuri sana, mjomba. Lakini sheria imekuja mti ukiwa mzee. Aliyeulinda utotoni ni lile korongo."

Nilimwona anasogeza midomo, macho yamepanda kwenye shina taratibu. Nikajua anapiga hesabu ya futi. Nikamuuliza vitanda vingapi. Akaona haya, mtu wa miaka sabini na mbili, akasema, "Kama cha mama? Mia tatu havikosi," na papo hapo akageuka akaokota kofia yake.

Kabla ya kuondoka aliona tunda chini, kavu, jeusi. Tunda la mkukusu ni kama ndizi ya mbao: likikauka linafunguka vipande vitano kama ganda la ndizi, na ndani mna mbegu zenye bawa moja moja, zinazunguka zikishuka. Hili lilikuwa na mbegu mbili bado. Akalinusa. Akaligeuza. Akalipeleka mfukoni, polepole, mkono wa mtu asiyefikiri.

"Baba," mwongozaji akasema chini chini, "kitu hakitoki humu."

Nilitamani ardhi inimeze kwa niaba yake. Lakini baba mdogo alilitoa, akazipuliza zile mbegu mbili, moja ikaruka mita chache ikakwama kwenye jani, nyingine ikaanguka mguuni pake. Lile ganda akaliweka katikati ya mizizi miwili, akalisogeza kidogo, kama mtu anayerudisha kikombe kabatini. Kisha akasema, "Haika," yaani asante kwa Kichaga, na sikujua anamwambia nani.

Kupanda sitakueleza. Ukungu, siafu, magoti.

Jumapili, 29 Desemba

Kanisani tulichelewa na tukakaa nyuma, jambo lililoyafurahisha magoti yangu. Mahubiri yalikuwa marefu, kwaya ilikuwa nzuri.

Baada ya ibada baba mdogo akasema tupite Old Moshi, kuna mti mwingine anataka tuuone, na huu hauna kiingilio. Nikamwambia miguu yangu imekwisha. Akaita bodaboda mbili.

Ni mgunga, si mkubwa. Ukipita bila kuambiwa hutageuka. Mangi Meli, chifu wa huku, mwana wa Rindi, aliwapiga Wajerumani mwaka 1892 mpaka kamanda wao akauawa. Mwaka uliofuata wakarudi na nguvu zaidi wakamshinda. Tarehe 2 Machi 1900 walimnyonga kwenye mti huu, pamoja na viongozi wenzake, mbele ya watu wake. Kichwa chake, wazee wanasimulia, kilipelekwa Ujerumani, na ukoo wake unakidai hadi leo.

Jana mwongozaji alikuwa na takwimu za kila kitu. Hapa hapakuwa na mtu, kulikuwa na mtoto anachunga mbuzi wawili na redio ya mtu mbali. Baba mdogo alivua kofia, akaishika kwa mikono miwili mbele ya tumbo, akasimama hivyo kwa muda. Sikuuliza kitu. Niliona tu kwamba huu hakuutazama juu hata mara moja. Alitazama tawi, kisha chini.

"Urefu wake hakuna aliyeupima," akasema tulipokuwa tunarudi kwenye bodaboda.

Jioni nikawa nafunga begi. Akaja chumba cha nyuma na tochi, akasema nimsaidie kukigeuza kitanda. Tulikiinua kwa shida, kizito kama mgonjwa asiyetaka kuhamishwa, tukakilaza ubavu. Ubao wa kichwani ni mmoja, hauna kiungo, upana futi mbili na nusu. Upande wa juu umelainika kwa migongo na mafuta ya nywele ya vizazi vitatu, wekundu wake umeingia giza. Upande wa chini haukupigwa randa, meno ya msumeno bado yanasomeka, mshazari, moja baada ya jingine.

Akamulika pembeni. Kulikuwa na mstari mweusi umefifia, umenyooka kutoka mwisho hadi mwisho. Zamani, akaeleza, walichovya uzi kwenye unga wa betri kuukuu, wakauvuta juu ya gogo, wakauachia ukapiga, pa! Msumeno unafuata hapo. Nikaufuata kwa kidole. Karibu na katikati, meno ya msumeno yaliuacha mstari, yakapinda kama upana wa kucha, yakarudi.

"Hapo ni nini?"

"Hapo mwenzangu wa chini alipiga chafya. Vumbi."

Tukacheka mpaka mama mdogo akaja kuuliza. Kisha akazima tochi, akaketi kwenye ukingo wa kitanda kilicholala ubavu, akasema, "Sasa kichukue. Kesho tafuta kirikuu, kikae Arusha kwako. Mimi nazeeka."

Nikawaza kirikuu, kigari cha mizigo, kinashuka mpaka lami, kinaelekea Boma Ng'ombe, na mahali fulani njiani kuna kizuizi, mtu amevaa sare anazunguka nyuma, anagonga ubao kwa kidole, anasikiliza mlio wake, ananiuliza hii ni mbao gani, ilikatwa wapi, na kibali kiko wapi.

"Kikae tu kwanza, baba," nikamwambia, tukashika kila mtu upande wake tukakirudisha chini.